Mfalme Omri na Omari wa Ngamiani

MASWALI YA WASOMAJI

Barua kadhaa za mwezi huu, kutoka Tanga hadi Bagamoyo, zinauliza kama majina ya wafalme wa kale katika vitabu vitakatifu yana udugu na maneno tunayoyasema kila siku. Tumechagua tano na kuzifupisha.

SWALI: Naitwa Omari, nakaa Ngamiani, Tanga. Jirani yangu Mkristo amenionyesha katika Biblia mfalme wa Israeli aitwaye Omri (1 Wafalme 16). Anasema huyo ni Omari kama mimi, na kwamba alikuwa Mwarabu, ndiyo maana baba yake hatajwi. Mimi naona jina liko karibu zaidi na "amri", kwa kuwa alikuwa mkuu wa jeshi. Nani amepatia?

JIBU: Bwana Omari, jirani yako ana nusu ya jawabu. Wewe umepotezwa na herufi za kirumi.

Chukua kalamu uandike "amri" na "umri" kwa herufi za Kiarabu, zile za chuo cha Qurani. Amri ni أمر: alifu yenye hamza, mimu, re. Umri ni عمر: ain, mimu, re. Kiswahili kikiandikwa kwa kirumi, hamza na ain zote humezwa, inabaki irabu tupu, na maneno mawili yasiyojuana yanasimama kama mapacha. Upande wa hamza wako amri, amiri na amirijeshi. Upande wa ain wako umri, umra, imara, na jina lako. Kiebrania kina herufi hizo mbili vilevile, na mfalme Omri huandikwa kwa ain. Kwa hiyo "amri" itoke. (Mtu anayeitwa Amri ni jambo jingine. Jina lake likiandikwa عمرو, kwa ain, basi ni wa upande wako. Ile wau ya mwisho haisomwi; iliwekwa ili jicho lisimchanganye na Omari.)

Ukitaka kuona tofauti hiyo kwa karibu, fungua 1 Nyakati 9:4. Ni nasaba ya mtu wa Yuda, na ndani yake yumo "Omri, mwana wa Imri". Kwa Kiswahili utadhani ni jina moja lililobadilishwa irabu. Kwa Kiebrania baba anaanza na alifu na mwana anaanza na ain: mizizi (yaani konsonanti zinazobeba maana ya neno) miwili mbalimbali katika mstari mmoja.

Bado kuna mtego wa pili, na huu huwanasa hata wanaojua Kiarabu. Ain ya Kiebrania ni alama moja iliyobeba sauti mbili, ain na ghaini (gh). Tutajuaje ain ya Omri si ghaini? Tazama Gomora na Gaza. Katika Biblia ya Kiswahili zinaanza na G, lakini kwa Kiebrania zinaanza na ain ileile ya Omri. G hiyo ilitoka kwa Wayahudi waliofasiri maandiko yao kwa Kigiriki kuanzia karne ya 3 KK. Masikio yao yalikuwa bado yanatenganisha sauti hizo, na kwa kuwa Kigiriki hakina ghaini waliweka gama, yaani g yao. Waarabu mpaka leo husema Ghaza. Jina la Omri wafasiri hao waliliandika Ambri, bila gama. Ile b isikutishe. Midomo ikitoka kwenye m kwenda kwenye r huizaa yenyewe. Basi ni ain halisi, ya umri.

Nje ya Biblia jina hili limepatikana mahali pawili pa maana. Jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, lilionekana Dhiban, Yordani, mwaka 1868, na sasa liko Louvre, Paris. Limeandikwa kwa alfabeti iliyo karibu sana na ya Kiebrania, na linamtaja Omri mfalme wa Israeli kwa ain, mimu, re, ye. Kisha kuna nguzo nyeusi ya Shalmaneser wa 3 wa Ashuru, iliyochimbuliwa Nimrud mwaka 1846, ambako mfalme Yehu wa Israeli anaitwa "mwana wa Humri". (Yehu hakuwa mwana wa Omri hata kidogo, ndiye aliyeuangamiza ukoo wake. Waashuri waliiita nchi yote nyumba ya Humri, na yeyote aliyeikalia wakamwita mwanawe.) Hiyo h imewafanya watu waanze kutafuta maneno yenye h au kh, wakapotea moja kwa moja. Maandishi ya Ashuru, yale ya kuchonga udongo kwa ncha ya unyasi, hayakuwa na alama ya ain, na mwandishi aliyeisikia mara nyingi aliishika kwa alama za h. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Hammurabi wa Babeli: sehemu ya kwanza ya jina lake ni "ammu", yaani ami, ndugu wa baba, na wengi wanalifasiri jina zima "ami huponya". Mwenye kutafuta Hammurabi chini ya H katika kamusi ya Kiarabu hatampata.

Sasa maana. Hapa wataalamu wanaachana njia. Wapo wanaolichukua jina kwenye mzizi wa kuishi, ule wa umri, wakidhani ni kifupi cha jina refu lililokuwa na jina la Mungu mwishoni, kitu kama "uhai kutoka kwa Yahu". Wapo wanaoliweka upande wa ibada na ziara, palipo umra. Wapo wanaolitoa kwenye neno la Kiebrania "omer", mganda wa nafaka, ule wa Walawi 23:10. Sisi tunaegemea umri. Mganda ni jina la ajabu kumpa mtoto, na mzizi wa umri umejaa katika majina yaliyochongwa kwenye mawe ya Arabuni ya kale.

Jirani yako hapo atashangilia: si umeona, Mwarabu! Asubiri. Hoja yake ina miguu miwili. Wa kwanza ni kwamba Kiebrania cha Biblia hakiutumii mzizi huo kwa maana ya kuishi, hivyo jina lazima liwe la mgeni. Lakini majina hutunza maneno ambayo mazungumzo yameshayaacha. Bagamoyo bado wapo akina Mwinyimkuu na Mwinyimvua, ingawa sokoni kila mtu husema "mwenye" na si "mwinyi". Mguu wa pili ni kukosekana kwa baba. Soma sura hiyohiyo ya 16: Zimri, aliyetawala siku saba tu kabla ya Omri, naye hakutajiwa baba, na hakuna anayemfanya Mwarabu kwa sababu hiyo. Tena 1 Nyakati inao akina Omri wengine watatu, mmoja wa Benyamini (7:8), mmoja wa Yuda (9:4) na mmoja wa Isakari (27:18). Jina lilikuwa la nyumbani.

Kwa hiyo jina ni la Kisemiti (ukoo wa lugha wenye Kiarabu na Kiebrania) bila shaka, na mzizi kwa maoni yetu ni huohuo wa Omari. Kushiriki mzizi si kuwa jina moja. Omri hakutoka Kiarabu, wala Omari hakutoka Kiebrania. Lugha hizo ni ndugu, na kila mmoja alirithi kutoka kwa mzazi wao.

Msomaji anayetaka kujaribu jina jingine afuate mpangilio huo. Kwanza konsonanti, na hasa ain au hamza, swadi au sini, ha au khe. Pili, nani mwingine ana jina hilo katika kitabu. Tatu, limeandikwaje nje ya kitabu, na maandishi hayo yana herufi gani na hayana zipi. Maana ije mwisho. Karibu kila kosa linalotufikia kwa barua limeanza na maana.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa madrasa, Makorora. Talut wa Qurani ndiye Sauli wa Biblia? Na je, Talut limetoka kwenye "twul" la Kiarabu, yaani urefu? Tumebishana darasani.

JIBU: Kisa ni kimoja: mfalme wa kwanza wa Wana wa Israeli, aliyeteuliwa kupitia nabii, ambaye katika jeshi lake Daudi alimuua Jalut, yaani Goliathi. Majina ndiyo mawili, na kila moja lina njia yake.

Sauli kwa Kiebrania ni Sha'ul: shini, hamza, lamu. Sh ya Kiebrania mara nyingi huangukia s ya Kiarabu, kama shalom na salamu. Shini-hamza-lamu ya Kiebrania ni sini-hamza-lamu ya Kiarabu, mzizi wa su'al, ambao kwetu umekuwa "swali" na "suala". Sha'ul ni "aliyeombwa". Katika 1 Samweli 1:28, Hana anapomtoa mwanawe Samweli hekaluni, maneno ya Kiebrania ya "ameombwa kwa ajili ya BWANA" yana sha'ul kamili ndani yake, na wasomaji wengi wameshangaa kwa nini jina la Sauli linachezewa kwenye kuzaliwa kwa Samweli. Tafsiri haiwezi kuonyesha jambo hilo.

Hapa jihadhari na sw ya Kiswahili. "Swala" na "kuswali" zina swadi, na sw yake ni alama ya uzito wa swadi hiyo. "Swali" la darasani lina sini. Sw yake imetokea kwa sababu su-a zimebanwa pamoja. Anayeuliza swali na anayeswali Adhuhuri wanatamka vilevile, lakini mizizi haijuani, na Sauli yuko kwa anayeuliza.

Talut ni kesi ngumu zaidi, na mushafu wako una ushahidi ambao pengine hamkuutazama. Fungua Al-Baqara 2:247. Aya inasema Mwenyezi Mungu amekutumieni "Twaluta malikan". Malikan ina tanwini, yaani alama ya irabu iliyorudiwa ili kuleta n mwishoni: hapa fatha (alama ya a) mbili. Twaluta ina fatha moja tu. Linganisha na Al-Fath 48:29, "Muhammadun rasulullah", dhuma (alama ya u) mbili. Kisha rudi 2:251, "waqatala Dawudu Jaluta": Dawudu dhuma moja, Jaluta fatha moja. Jina la mtu la Kiarabu la kawaida hupokea tanwini. Majina ya kigeni marefu kama Ibrahimu, Daudi na Jalut hayapokei. Lau Talut lingekuwa neno la Kiarabu lililotoka kwenye twul, lingetarajiwa "Twalutan". Wanasarufi wa zamani waliliona hili, na ndiyo sababu wengi wakaliweka kundi la Daudi na Jalut.

Tanwini peke yake haimalizi kesi. Jina la Bwana Omari hapo juu halipokei tanwini ingawa ni la Kiarabu, kwa sababu yake nyingine ya kisarufi. Kwa hiyo anayedai Uarabu wa Talut ana kazi ya kuonyesha sababu kama hiyo.

Je, twul haina nafasi kabisa? Inayo, ila si ya uzazi. Aya hiyohiyo inasema alizidishiwa wasaa wa elimu na kiwiliwili, na 1 Samweli 9:2 inasema Sauli aliwapita watu wote urefu kuanzia mabegani kwenda juu. Jina linalogonga sikio kama "mrefu", tena likifanya vina na Jalut, limemkaa. Kukaa na kuzaliwa ni mambo mawili.

SWALI: Nawaandikia kutoka Dunda, Bagamoyo. Kanisani tumefundishwa kuwa Melkizedeki maana yake mfalme wa haki. Mwanangu anasema "melki" ni malaika. Na hiyo "zedeki" ndiyo sadaka tunayotoa Jumapili?

JIBU: Mama, kwenye sadaka umepatia kuliko unavyodhani. Mwanao amekosa, ingawa kosa lake ni zuri.

Melki ni mimu, lamu, kafu: miliki, mamlaka, malkia, na maliki wa mashairi. Malaika ana mimu, lamu, kafu zinazoonekana, lakini mzizi wake ni lamu, hamza, kafu, kutuma. Ile mimu ya mbele ni kiambishi tu. Malaika ni mtumwa, yaani aliyetumwa. Ndani ya Biblia majina haya mawili yamekaribiana kwa irabu moja: nabii Malaki ni "mjumbe wangu", ana hamza katikati, Malkiya ni "mfalme wangu ni Yahu", hana hamza. (Na Malkiya ni mwanamume. Usimsome malkia.)

Zedeki ni swadi, dali, na ile kafu ya kooni. Kwa Kiebrania ni haki na unyofu. Kwa Kiarabu mzizi umeelekea kwenye ukweli, ndipo tukapata "sadiki", na kwenye kutoa kwa moyo wa kweli, ndipo tukapata "sadaka". Waebrania 7:2 kwa Kiswahili inasema "haki", neno jema lakini la mzizi mwingine kabisa, na hivyo msikilizaji hasikii kwamba jina lenyewe limo kwenye kapu la matoleo linalopita mbele yake. Tahadhari moja kuhusu swadi: ya Kiebrania inaweza kuwa swadi, dhadi au dha ya Kiarabu. "Erets", nchi, kwa Kiarabu ni ardhi. Kwa hiyo mtu asikimbilie s kila aonapo ts ya Kiebrania. Hapa kwa bahati ni swadi kwa swadi.

Kuhusu ile i ya katikati, kuna usomaji wa namna mbili. Inaweza kuwa kiunganishi cha zamani, "mfalme wa haki", kama Waebrania inavyosoma. Inaweza kuwa "-angu": "mfalme wangu ni Sedeki", Sedeki akiwa ni haki au jina la mungu wa Wakanaani. Kinachotupa mashaka ni Adoni-sedeki, mfalme mwingine wa Yerusalemu, katika Yoshua 10:1: "bwana" badala ya "mfalme", mwisho uleule, mji uleule kama Salemu, mji wa Melkizedeki, ni Yerusalemu, jinsi Zaburi 76:2 inavyoiweka sambamba na Sayuni. Babeli nako alikuwapo mfalme Ammi-saduqa, "ami ni mwenye haki", katika karne ya 17 KK kwa hesabu inayotumiwa zaidi. Majina ya aina hiyo kwa kawaida ni sentensi kamili, "fulani ni kitu fulani", kwa hiyo kwa sarufi peke yake tungechagua "mfalme wangu ni Sedeki". Mwandishi wa Waebrania alikuwa anahubiri, na kwa mahubiri yake usomaji wake unatosha.

SWALI: Niko Pangani. Nimesoma kuwa "kudur" katika Nebukadneza ni mtoto mrithi. Basi Kedorlaoma wa Mwanzo 14 ana "kudur" hiyohiyo. Hawa ni ukoo mmoja?

JIBU: La. Umeshika sauti, sauti imekuponyoka.

Nebukadneza, aliyetawala Babeli 605 hadi 562 KK, kwa Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli na Ashuru, ni Nabu-kudurri-usur: "ee Nabu, mlinde mrithi wangu" (Nabu, kama Bel hapa chini, ni mungu wa Babeli). Kiakadi ni Kisemiti. "Usur", linda, utaiona pia mwishoni mwa Belshaza, Bel-shar-usur, "ee Bel, mlinde mfalme". Wanaofasiri "linda mpaka wangu" wamechukua maana nyingine ya kudurru, jiwe la mpaka. Zamani ilipendwa, siku hizi mrithi ndiye anayekubalika zaidi. Kuhusu Nebukadreza na Nebukadneza, zote zimo katika Kiebrania. Ezekieli ana r, Yeremia mara nyingi r, Danieli ana n. R ndiyo iliyo karibu na asili. N imeingia kwa sababu r mbili zilizofuatana humchosha msemaji.

Kedorlaoma alikuwa mfalme wa Elamu, kusini magharibi mwa Irani ya leo, na Kielamu si Kisemiti. Kedor ni "kutir" au "kudur" ya Kielamu, inayoonekana katika majina ya wafalme wao kama Kutir-Nahhunte. Laoma ni Lagamar, jina la mungu aliyeabudiwa huko. Kituko ni kwamba Lagamar mwenyewe aliingia Elamu kutoka kwa Waakadi, na jina lake kwa Kiakadi ni "asiye na huruma". Hivyo ulitafuta Usemiti kwenye nusu ya kwanza, kumbe umejificha kwenye ya pili. G ya Lagamar imekuwa ain kwa Kiebrania, na katika Kiswahili imepotea kabisa, imebaki pengo kati ya a na o.

SWALI: Farao ni jina la mtu? Ni Kisemiti? (Msomaji wa Chumbageni, Tanga.)

JIBU: Hapana kwa yote mawili. Ni Kimisri, "per-aa", nyumba kubwa, yaani ikulu. Baadaye likawa la mwenye ikulu. Ukisoma Surat Yusuf utaona mtawala wa Misri wa siku za Yusuf anaitwa "malik" (12:43, 12:50), na Firauni ni wa kisa cha Musa. Biblia inatumia Farao kwa wote wawili.